Mtoto Mchanga Huwatambuaje Watu Wake?

Katika darasa letu moja, ndugu yetu mmoja alisimama baada ya masomo akatueleza jambo lililomkaa moyoni. Alikuwa amerejea Mombasa kutoka nchi za Ghuba, alikofanya kazi kwa muda wa miezi minane. Alipoondoka nyumbani mwanawe alikuwa na siku kumi tu. Aliporudi alimkuta ana miezi minane na ushei, mwenye afya njema, acheka na kila mtu wa nyumba ile. Lakini alipomnyoshea mikono, mtoto alipiga ukelele, akauficha uso wake begani mwa nyanya yake, na kwa siku nne hakukubali kuchukuliwa naye.

Maneno yakawa mengi. Jirani mmoja alisema mtoto amepatwa na jicho. Mwingine akashauri aandikiwe hirizi. Wa tatu, na maneno ya huyu ndiyo yaliyochoma zaidi, aliuliza kwa mzaha imekuwaje damu isiijue damu yake. Ndugu yetu alitwambia: "Mimi nimekwenda kuhangaika kwa ajili yake, na yeye amenichukia. Nimekosa nini?"

Tumeona swali hili si la mtu mmoja. Miji yetu ya pwani tangu zamani ni miji ya wasafiri, na nyumba nyingi zina baba aliye baharini, au Nairobi, au ng'ambo. Kwa hivyo tumelifanya kuwa somo la leo. Na jawabu yetu kwa ufupi ni hii: mtoto yule hakumchukia babake, wala hana jicho, wala hapana haja ya hirizi. Alilia kwa sababu akili yake ni nzima na yakua kama ipasavyo.

Damu haina macho

Sisi husema kuwa damu ni nzito kuliko maji, na neno hilo ni kweli katika nasaba, na katika mirathi, na katika kufaana wakati wa shida. Lakini mtoto mchanga hajui nasaba. Hapana kitu ndani ya damu yake kimwambiacho kuwa huyu ni baba na yule ni mgeni. Yeye huwajua watu wake kwa milango ile ile ya fahamu tuliyopewa sote: masikio, pua, macho na ngozi, na kila mlango una wakati wake wa kufunguka.

Mlango wa kwanza ni masikio. Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba sauti ya mamake humfikia kila siku. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wasiotimiza siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na chombo cha kutoa sauti. Mtoto aliponyonya kwa namna moja alisikia sauti ya mamake; aliponyonya kwa namna nyingine alisikia sauti ya mwanamke mwengine. Watoto wale walijifunza kunyonya kwa ile namna iletayo sauti ya mama. Hawakuwa wamekaa naye siku za kutosha kujifunza hayo nje. Walikuja duniani nayo.

Na sasa msomaji asikie yaliyomhusu baba. Mwaka 1984 DeCasper na mwenzake walifanya jaribio kama lile kwa sauti ya baba na sauti ya mwanamume mwengine. Watoto waliweza kuzitenga sauti mbili zile, lakini hawakuonyesha kuipenda ya baba zaidi. Si kwamba baba hana cheo. Ni kwamba sauti ya mama husikika ndani ya mwili wake usiku na mchana, na sauti ya baba hutoka mbali. Basi tangu siku ya kwanza mama ametangulia, na baba yuko nyuma, na njia ya kumfikia mtoto ni moja tu, nayo ni kuwa karibu naye.

Mlango wa pili ni pua. Mwaka 1975 tabibu Aidan Macfarlane wa Oxford, Uingereza, aliweka vitambaa viwili kando ya uso wa mtoto, kimoja kilichokaa kifuani mwa mamake na kimoja kilichokaa kifuani mwa mama mwengine anyonyeshaye. Watoto wa siku mbili hawakupambanua. Watoto wa siku sita waligeukia zaidi kitambaa cha mama zao. Baina ya siku ya pili na ya sita, kwa kunyonya tu, harufu ya mama ilikuwa imekwisha kujulikana.

Wasomaji wetu waijua khabari ya Nabii Musa, ambaye alipookotwa hakukubali maziwa ya wanyonyeshaji walioletwa, mpaka aliporejeshwa kifuani mwa mamake mwenyewe. Jambo lile lilikuwa kwa amri ya Mwenyezi Mungu, nasi hatulitii katika mizani ya majaribio ya wanadamu. Lakini atakayeizingatia khabari ile hatastaajabu kuambiwa leo kwamba mtoto mchanga si kipande cha nyama kisichopambanua mkono na mkono.

Mlango wa tatu ni macho, na huu hufunguka polepole. Mtoto aliyezaliwa leo huona vizuri zaidi kitu kilicho baina ya sentimita 20 na 30 mbele yake, nao ni kadiri ya masafa baina ya ziwa na uso wa mama amnyonyeshaye. Baada ya siku chache huutazama uso wa mama muda mrefu kuliko uso wa mwanamke mgeni. Lakini mwaka 1995 Olivier Pascalis na wenzake waligundua jambo ambalo mabibi zetu wa pwani watalifahamu upesi. Waliwachukua watoto wa siku nne, wakamfunga mama kitambaa cha kichwa kikafunika nywele, na mwanamke mgeni vile vile. Hapo watoto hawakuutenga tena uso wa mama na ule mwengine. Maana yake ni kuwa mtoto wa siku nne haujui uso kama tuujuavyo sisi, kwa macho na pua na mdomo. Hushika zaidi mpaka wa nywele na umbo la kichwa. Kwa hivyo mama atokaye nje na buibui lake na mtandio wake, akaona kichanga chake chamtazama kama kisiyemjua, asihuzunike. Na aseme naye kwanza, kisha amweke kifuani. Sauti na harufu zitamaliza kazi ambayo macho hayajaiweza.

Miezi na alama zake

Kutambua ni jambo moja, na kushikamana na mtu ni jambo jengine. Mtu aweza kumtambua muuza maji asimlilie anapoondoka. Kushikamana na mtu kwahitaji muda zaidi, nako huja kwa daraja.

Katika wiki ya sita hivi, au karibu na mwezi wa pili, mtoto hucheka kwa kuujibu uso wa mtu. Kicheko cha kabla ya hapo, akiwa usingizini, si cha mtu yeyote. Mwanzoni humgawia kila amchekeaye, na kila jirani hudai kuwa yapendwa nafsi yake. Kufikia miezi mitatu au minne huanza kuchagua: humchekea kila mtu, lakini aliyemzoea humchekea upesi na kwa furaha zaidi, na hunyamaza upesi mikononi mwake.

Baina ya mwezi wa sita na wa tisa hutokea badiliko kubwa. Mtoto aliyekuwa akipokezwa mkono kwa mkono kama sahani ya halua huanza kukataa. Humtazama mgeni kwa makini, hukunja uso, kisha hulia. Mama akitoka chumbani humfuata kwa macho, na aanzapo kutambaa humfuata kwa magoti.

Kwa nini wakati huo khasa? Mzazi aweza kujaribu nyumbani. Mwonyeshe mtoto wa miezi minne kijiko, kisha kifunike kwa kitambaa mbele ya macho yake. Hatakitafuta, kana kwamba kisichoonekana hakipo. Mfanyie hivyo mtoto wa miezi minane au tisa, naye atakifunua kitambaa akitwae. Jambo hili lilielezwa kwa urefu na mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget. Na lililo kwa kijiko ni hilo hilo kwa mtu. Akili iwezayo kumweka mama moyoni akiwa hayupo ndiyo iwezayo kumkosa na kumlilia. Na akili izijuayo sura za watu wake ndiyo iwezayo kusema: huyu si miongoni mwao.

Basi ndugu yetu alirudi katika mwezi ule ule ambao mtoto huwa mkali mno kwa wageni. Lau angalirudi mwezi wa nne, angalichekewa.

Yaliyoonekana karibu na Kampala

Watu wengine hudhani elimu hii ni ya Wazungu na watoto wao. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa yake ilianzia Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 alifika Kampala bibi mmoja mtaalamu wa mambo ya nafsi, Mary Ainsworth, aliyefuatana na mumewe aliyepata kazi huko. Alikwenda katika vijiji vya Waganda vilivyo karibu na mji, akazizuru nyumba 26 zenye watoto wachanga 28, akirudi kila baada ya wiki mbili hivi kwa muda wa miezi, akaketi na akina mama akitazama na kuuliza. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967.

Aliona kuwa mtoto aliyekwisha kushikamana na mamake humfanya kama nahodha aifanyavyo bandari yake. Hutoka akaenda kidogo, akashika hiki na kile, kisha hugeuka kumtazama mama, au hurudi kumgusa, halafu hutoka tena mbali zaidi. Mgeni akiingia, mara moja hukimbilia bandarini. Mtoto wa namna hii hakuwa mwoga. Kinyume chake, kwa kuwa alijua pa kurejea, alithubutu kwenda.

Aliona pia ya kuwa mama walikuwa si sawa. Wako waliomjua mtoto wao kwa undani. Ukiwauliza juu yake walieleza kwa furaha yale madogo madogo: alalaje, alialiaje akiwa na njaa, kipi kimchekeshacho. Na wako ambao hawakuwa na mengi ya kusema. Watoto wa wale wa kwanza ndio waliokuwa wenye utulivu zaidi. Yatupasa tulitie moyoni jambo hili, kwani halihitaji mali. Fukara aweza kumjua mwanawe, na tajiri aweza kutomjua.

Si maziwa peke yake

Huenda baba akasema: kama ni hivyo mambo yote ni ya mama, kwa kuwa yeye ndiye mwenye maziwa. Hivyo ndivyo walivyodhani hata wataalamu zamani, ya kwamba mtoto humpenda amlishaye. Mwaka 1958 Harry Harlow wa Marekani alitangaza khabari ya vitoto vya tumbili aliovitenga na mama zao akavipa sanamu mbili: moja ya waya yenye chupa ya maziwa, na moja iliyovikwa kitambaa laini isiyo na maziwa. Vitoto vilikwenda kwenye waya kunyonya, kisha vikarudi kuikumbatia ile ya kitambaa, na vikiogopeshwa vilikimbilia hiyo.

Na kwa wanadamu, Rudolph Schaffer na Peggy Emerson waliwafuata watoto 60 wa mji wa Glasgow, wakatoa khabari zao mwaka 1964. Kwa wengi mtu wa kwanza kushikamana naye alikuwa mama. Lakini walipofikia miezi 18, watoto walioshikamana na mtu mmoja tu walikuwa 13 katika kila 100. Waliobaki walikuwa na baba, na nyanya, na ndugu, na majirani. Wala mtoto hakumchagua yule akaaye naye saa nyingi zaidi, au amlishaye na kumwosha. Alimchagua amjibuye: amsikiaye akilia, achezaye naye, amwangaliaye usoni.

Hii ni bishara njema kwa nyumba zetu za pwani, ambamo nyanya, na shangazi, na dada wakubwa wote wana mikono juu ya mtoto. Moyo wake si kikombe kijaacho kwa mtu mmoja. Lakini watu wenyewe na wawe wale wale, warudio kila siku.

Ukimya si utulivu

Imebaki hatari moja. Katika hospitali za Uingereza za zamani mtoto mdogo alilazwa peke yake, na wazazi wakaruhusiwa kumwona kwa nadra, kwa hoja kwamba akiwaona hulia na wasipokuja hutulia. Mwaka 1951 John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya la Dunia juu ya madhara ya kumtenga mtoto na mlezi wake. Mwaka uliofuata mwenzake James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyekaa hospitali siku nane. Robertson alieleza kuwa mtoto aliyetengwa hivyo hulia kwanza kwa hasira, kisha hukata tamaa akanyamaza, na kutengana kukiendelea hufika mahali asijali aje nani au aende nani. Wauguzi waliuita ukimya ule utulivu, na haukuwa utulivu, ulikuwa majonzi. Mwaka 1959 kamati ya serikali chini ya Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwazuru watoto wao wakati wowote, na mama wa watoto wadogo walale nao.

Sisi hapa hatumlazi mtoto peke yake, walakini twafanya jambo la jamaa yake bila ya kufikiri. Yaya aliyemlea mtoto tangu mwezi wa tatu hugombana na bibi wa nyumba juu ya mshahara, na asubuhi yake akafukuzwa. Mchana akaletwa mwengine. Mtoto akilia siku tatu twasema ana homa ya meno. Akinyamaza siku ya nne twasema amezoea. Tumeangalia kazi ya nyumba, hatukuangalia kuwa mtoto ameondokewa na mtu wake bila ya kuagwa.

Nasaha zetu

Kwanza, kwa baba arudiye safari: usimpokonye mtoto kwa nguvu ili kuwaonyesha watu kuwa ni wako. Keti karibu na yule aliyemzoea, sema na huyo kwa upole, mwache mtoto akutazame kutoka mahali pa amani, na mngoje aje mwenyewe. Kisha chukua kazi moja iwe yako kila siku, kama kumwosha au kumlaza. Na kabla ya kusafiri usiseme kuwa mtoto ni mdogo mno kwa baba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbusu mjukuu wake Hasan mbele ya mtu aliyejigamba kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, na majigambo yale hayakumpendeza.

Pili, kwa mgeni: mtoto akikulilia usione umevunjiwa heshima. Naye mama asiaibike wala asimlazimishe kwa ajili ya macho ya watu.

Tatu, juu ya yaya: ikibidi kumbadilisha, wa zamani na wa mpya wakae pamoja siku kadhaa, ili mtoto amjue huyu mikononi mwa yule.

Nne, wazee husema usimchukue mtoto kila aliapo, atazoea mikono. Ushauri wa matabibu leo ni kuwa mtoto wa miezi ya mwanzo haharibiki kwa kuchukuliwa. Kulia ndiyo lugha yake pekee, na kumjibu ni kumfundisha kuwa ulimwengu una watu.

Tano, mama ambaye baada ya kuzaa huzuni imemlemea, hana raha na mtoto wala na nafsi yake, asilaumiwe kuwa hana mapenzi. Yaweza kuwa ni maradhi, na yana dawa. Apelekwe kwa tabibu, na watu wa nyumbani wamsaidie ulezi.

Sita, mtoto ambaye amepita miezi mitatu na hajamchekea mtu, au amefika miezi sita na hageukii sauti, aonyeshwe kliniki apimwe macho na masikio. Hapa kuchelewa kuna hasara, na fedha ya hirizi heri ingelipia nauli ya hospitali.

Ama ndugu yetu tuliyeanza naye, alirudi darasani baada ya wiki mbili. Alitwambia kuwa aliacha kumnyoshea mtoto mikono, akawa akaa mkekani karibu na mamake akishona kofia. Siku ya sita mtoto alitambaa akaja akaishika ile kofia, akamtazama usoni muda mrefu, kisha akaketi gotini pake. Alituuliza kama sasa damu imemtambua babake. Tukamwambia la, ni mtoto ndiye aliyekutambua, na kwamba amebakiwa na mwezi mmoja wa likizo, na asiutumie barazani.